Mume, mke na baiskeli mbili: siku moja kutoka Kilifi hadi Malindi

Tangu mwezi wa nane watu wananiuliza: vipi mtu na mkewe wanapanda baiskeli kutoka Mombasa hadi Malindi na matatu zimejaa stendi? Mimi naliona swali la maana kuwa jingine. Watu wawili wenye nguvu tofauti wataipanga vipi siku moja ya safari kama hiyo ili wafike pamoja, wazima, na wakiwa bado wanasemezana?

Jibu langu ni fupi. Mwendo huamuliwa na yule aliye dhaifu siku hiyo, na jua la mchana halibishiwi. Mengine yote yanafuata hapo. Safari yetu ilikuwa ya siku tano, kwenda Malindi na Mambrui na kurudi. Nitaieleza siku ya pili peke yake, kipande cha Kilifi hadi Malindi, kama kilomita 60, ili anayetaka kujaribu apate pa kuanzia.

Chagua mwezi kwa upepo

Manahodha wetu walisafiri kwa pepo mbili, na mwenye baiskeli naye azijue. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Disemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, takriban Mei hadi Septemba. Barabara ya Malindi inafuata pwani kuelekea kaskazini. Ukienda wakati wa kusi unasukumwa mgongoni. Ukienda wakati wa kaskazi unaupiga upepo kwa kifua siku nzima, na juu yake kuna joto la Februari na Machi. Aprili hadi Juni ni masika. Kwa hivyo Agosti ndio mwezi tuliouchagua: mvua zimepungua, joto ni la kustahimilika na upepo uko nyuma. Wakati wa kurudi upepo huo huo unakukabili, kwa hivyo siku za kurudi tulitoka mapema zaidi, kabla haujapata nguvu.

Vyombo na mavazi

Baiskeli zetu ni za kawaida, zenye keria na kifuniko cha mnyororo. Tulibeba tyubu mbili za akiba, viraka na solusheni yake, pampu, spana, kurunzi na maji lita tatu kila mmoja. Fundi hakosekani mbali, maana Kilifi baiskeli ni chombo cha kazi: inabeba mitungi ya maji, magunia ya mkaa, nazi, na mtoto wa shule juu ya keria. Karibu kila kituo utamkuta fundi chini ya mwembe au mkorosho.

Kina mama wengi wameniuliza kuhusu mavazi. Buibui na dera havifai kwa sababu huingia kwenye mnyororo na kukuangusha. Mke wangu alivaa suruali pana iliyobanwa kifundoni, na juu kanzu ndefu hadi magotini yenye mpasuo pande mbili. Mtandio wa pamba aliubana kwa pini, kisha kofia ngumu juu yake. Sitara ilipatikana na miguu ikazunguka bila tabu.

Nani atangulie

Tuliswali alfajiri, tukanywa chai kwa mahamri na mbaazi, na jua lilipochomoza, kama saa kumi na mbili na nusu, tukaondoka. Kabla ya hapo dereva wa lori hakuoni vizuri, hata ukiwa na taa.

Aliye dhaifu hukaa mbele na mwenye nguvu nyuma. Mwenye nguvu akitangulia, mwenzake humkimbilia bila kujua, na baada ya saa moja pumzi zimekwisha. Wa nyuma pia ndiye anayesikia magari kwanza. Sisi tulikubaliana ishara mbili za kengele: mara moja, gari kubwa linakuja, toka kwenye lami; mara mbili, tusimame. Kiburi cha kung'ang'ania lami hakina faida. Pembe ya barabara ile imekatika pahali pengi, na hatari kubwa ni gari linalotoka mbele likipita jingine huku dereva akikuhesabu wewe kuwa si kitu.

Ukiwa na mizigo, hesabu kilomita 15 kwa saa. Kilomita 60 ni saa nne za kukanyaga pedeli, na ukiongeza mapumziko ni sita au zaidi. Tulipanga kusimama kila kilomita 10, tumechoka au hatujachoka. Tezo tulikunywa madafu. Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari.

Matsangoni

Usiku uliotangulia mke wangu hakulala vizuri. Karibu na Matsangoni, saa nne hivi, niliona amenyamaza na usukani unamyumba. Nikapiga kengele mara mbili. Akashuka mwenyewe, akasema, "Baba watoto, hapa mimi nashuka. Kichwa kinanizunguka." Alikuwa anatoka jasho jingi, ana kichefuchefu, na ndama za miguu zinakaza.

Hizo ni dalili za mwili kuzidiwa na joto, na kila msafiri azijue. Mtu hulazwa kivulini, miguu ikiinuliwa kidogo, nguo zikilegezwa, shingo na kwapa zikipozwa kwa kitambaa cha maji. Anyweshwe kidogo kidogo maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kama mtu anachanganyikiwa, anaanguka, au ngozi ina moto mkali, hapo si jambo la kivuli tena. Ni hospitali mara moja. Mwenye presha au kisukari amuone daktari kabla hajafikiria safari kama hii.

Mama mmoja wa nyumba ya karibu alitutandikia mkeka bila kuuliza sisi ni nani. Mungu amlipe. Watu wakakusanyika, na mzee mmoja akanigeukia: "Mwanangu, mke humpandishi gari, wampandisha baiskeli?" Sikuwahi kujibu. Mke wangu, akiwa amelala vile vile na leso mbichi kichwani, akamwambia, "Shikamoo mzee. Safari hii niliiomba mimi." Mzee akaitikia marahaba, akacheka, akaenda kutuletea ndizi.

Nililowaza mimi ni kumpandisha matatu hadi Malindi, baiskeli yake ikifungwa juu. Nikamweleza. Akasema tungoje. Tukakubaliana masharti: kichwa kiwe kimetulia, aweze kusimama bila kizunguzungu, awe amepata haja ndogo, na jua liwe limeinama. Likikosekana moja, ni matatu, na hakuna ubishi. Nawashauri wanandoa wote waweke masharti yao mapema, kabla ya uchovu, kwa sababu mtu aliyechoka husikia kila neno kama tusi.

Tulikaa hapo hadi saa tisa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, safari ya kupunguza swala hukadiriwa kuwa kilomita 80 na ushei. Mombasa hadi Malindi ni kama 120, kwa hivyo dhuhuri na alasiri tuliziswali rakaa mbili mbili, tukazikusanya. Ruhusa hiyo utaielewa vizuri ukiwa umekaa barabarani na miguu inatetemeka.

Msitu, Gede na magofu

Masharti yalitimia yote manne. Tukaondoka polepole, kusi mgongoni. Baada ya Matsangoni barabara inapita kando ya msitu wa Arabuko Sokoke, wenye ukubwa wa kama kilomita mraba 420, na ndani yake mna ndovu. Kwa sababu hiyo usiache barabara ukaingia msituni bila askari wa msitu.

Gede tulisimama kununua maji tu. Magofu yake tuliyaachia siku ya kurudi: mji wa Waswahili ulioanza karne ya 12, ukahamwa karne ya 17, wenye misikiti, kasri na visima vya mawe. James Kirkman alianza kuuchimba 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliutia katika urithi wa dunia. Yafaa nusu siku nzima, si dakika kumi za mtu mwenye haraka.

Malindi tuliingia kabla ya magharibi, yeye mbele.

Kwa wanaotaka kujaribu

Wapo wanaosema mume na mke kushindana njiani ni uhuni. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha walipokuwa safarini, na mara ya kwanza Bibi Aisha ndiye aliyeshinda. Sisi hatukushindana hata kidogo, tulingojana tu.

Msianze na Malindi. Anzeni na Gede hadi Watamu asubuhi, tambarare na chini ya kilomita 10, mle samaki mrudi. Mkiweza hiyo, nendeni Malindi hadi Mambrui mkavuke Sabaki. Mombasa hadi Mtwapa iacheni mpaka muwe na uzoefu, maana magari ni mengi mno.

Na kwa wanaopanga barabara zetu: sisi wawili tulikuwa wageni wa siku tano. Yule anayebeba maji na yule mtoto juu ya keria wako kwenye pembe ile iliyokatika kila siku. Mita moja na nusu ya lami pembeni, yenye mstari uliopakwa rangi, ingewafaa wao kabla haijatufaa sisi.