Bizimu la Mfalme



Hapa Bulyanhulu, wilayani Kahama, dhahabu imo chini ya miguu yetu. Wachimbaji wadogo waliitafuta kwa sururu na karai hata walipoondolewa mwaka 1996, na mgodi mkubwa ukaanza kazi mwaka 2001. Nimemwona kijana mmoja wa machimbo ya jirani aliyeuza dhahabu aliyoihangaikia mwezi mzima, akajinunulia mkufu wa kuvaa mwenyewe shingoni. Jioni ile mwanawe alikuja chuoni na kanzu iliyokatika vifungo, mama yake ameibana kwa pini. Nikakumbuka kisa cha bizimu la Warumi.

Warumi wa kale hawakufunga nguo zao kwa vifungo kama vyetu. Joho lao lilikuwa kipande cha kitambaa cha kutupia mabegani, na bila ya kitu cha kulibana lingechukuliwa na upepo. Basi wakatumia bizimu, mara nyingi la shaba. Waya ulizungushwa ukawa na mnyumbuko, ncha yake ikachoma kitambaa, kisha ikaingia katika kikulabu. Askari alilibana joho begani kulia ili mkono wa upanga uwe huru. Pini wanayobania ushungi mama zetu, aliyoitengeneza Walter Hunt huko New York mwaka 1849, inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Lakini mwanadamu hatosheki na sitara. Tangu karne ya 4 bizimu la dhahabu likawa alama ya cheo. Mfalme Leo, aliyetawala toka mwaka 457 hadi 474, alitoa sheria kuwakataza raia kutia lulu na zumaridi katika hatamu, matandiko ya farasi na mikanda. Na mabizimu yao yawe na thamani ya dhahabu na ufundi tu. Mawe ya thamani yakabaki kuwa fahari ya mfalme. Huko Ravenna, Italia, ipo picha ya vijiwe ya mwaka 547 hivi, inayomwonyesha Mfalme Justinian na bizimu kubwa begani, lenye jiwe jekundu lililozungukwa na lulu. Je, joho lake lilishikwa vizuri zaidi kuliko la askari mwenye shaba? Hasha!

Wala tusiwacheke Warumi. Watemi wa Unyamwezi na Usukuma walivaa kibangwa, kisahani kilichokatwa katika ganda la konokono wa baharini na kuletwa na misafara. Kwetu pwani ganda hilo huokotwa ufukweni. Huku bara likawa alama ya utawala. Ilhali mchunga ng'ombe alifunga shuka yake lubega, fundo moja begani, akasitirika vile vile.

Sasa tazama hekima ya sheria yetu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mwanamume aliyehirimia huruhusiwa kuifunga shuka ya kiunoni, lakini ile ya mabegani haifungi fundo, haitii kifungo, wala haibani kwa pini. Huitupia mabegani tu. Basi tajiri na hamali husimama Arafa pamoja, na hakuna bega lenye bizimu la kumtambulisha mkubwa.

Ndugu msomaji, pambo si haramu kwa asili yake. Wake zetu wamehalalishiwa dhahabu, na sisi wanaume tumekatazwa kuivaa. Lakini kabla hujafungua mfuko wako, jiulize: kitu hiki kitashika nguo, au kitashika kiburi changu? Na nyumbani kwangu ni nani aliyekatikiwa na kifungo?

Yule kijana nilimwita, nikamwonyesha kanzu ya mwanawe. Hakunijibu neno. Juma la pili mtoto alikuja na vifungo vyote.

Mwenyezi Mungu atuvike vazi la taqwa, ambalo ndilo bora. Amin.