Mfereji wa Siloamu na Yale Yasiyoandikwa

Mwaka wa 1880, vijana waliokuwa wakichezea maji penye birika la Siloamu, chini ya Yerusalemu ya kale upande wa kusini, waliingia ndani ya mfereji uliopenya mwamba, na mmoja wao alipoteleza na kuanguka majini, akaona ukutani, hatua chache kutoka mlangoni, herufi zilizochongwa ambazo hakuweza kuzisoma. Habari zikamfikia mwalimu wake, Conrad Schick, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa majengo ya mji ule, na baada yake wakaja wanavyuoni wa Ulaya na mishumaa yao na karatasi zao za kunakilia. La ajabu ni kwamba mnamo 1838 Mmarekani Edward Robinson, mtu makini asiyepitwa na mambo madogo, alikwisha kuupita mfereji ule toka mwanzo hata mwisho, mahali pengine akijiburura kwa tumbo, akaupima wote, wala asiyaone maandishi yale.

Ni mistari sita tu, kwa Kiebrania cha zamani. Yasimulia jinsi mafundi walivyochimba kutoka pande mbili, kundi moja likilielekea jingine gizani, hata zilipobaki dhiraa tatu ikasikika sauti ya mtu akimwita mwenziwe kupitia mwambani. Na siku ya kukutana sururu ikagongana na sururu, maji yakateremka kutoka chemchemi hadi birikani, mwendo wa dhiraa 1,200. (Dhiraa ni kipimo kile cha kiwiko hadi ncha ya kidole ambacho wazee wetu wa pwani walipimia nguo dukani.) Aingiaye leo na taa huweza kuyahakikisha kwa macho yake, kwani karibu na mahali pa makutano alama za sururu hugeuka mwelekeo, na pembeni zimo njia fupi zilizoanzwa zikaachwa, pale mafundi walipopotea kidogo wakaisikiliza tena sauti ya wenzao. Mfereji una urefu wa mita 533, umejipinda kama nyoka, na toka chemchemi ya Gihoni hata Siloamu maji hushuka kiasi cha sentimita 30 tu. Kwa watu wasiokuwa na dira hii ni kazi ya kustaajabisha.

Walakini katika mistari ile hamna jina la mfalme, wala jina la Mungu, wala mwaka. Anayetuambia kwamba Hezekia ndiye aliyeleta maji mjini kwa mfereji ni mwandishi wa Kitabu cha Pili cha Wafalme, na wa Mambo ya Nyakati huongeza kwamba aliyaelekeza maji ya Gihoni upande wa magharibi wa mji wa Daudi. Sababu yake yafahamika: mwaka wa 701 K.K. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliivamia Yuda, na mji uliozingirwa ambao chemchemi yake iko nje ya ukuta hauhitaji adui mwenye nguvu ili ushindwe, kiu yatosha.

Kwa vita vile tunaye shahidi wa upande wa pili. Katika magofu ya Ninawi lilipatikana mnamo 1830 pande la udongo wa kuchoma lenye nyuso sita, limejaa maandishi ya kikabari, na sasa limo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Humo Senakeribu ajisifu kwamba aliteka miji 46 yenye maboma, akatoa watu 200,150, na kumfungia Hezekia Yerusalemu mithili ya ndege tunduni. Fakhari ya wafalme tunaijua, na hesabu ile ya watu sijaona mtu mwenye akili timamu aliyeikubali bila kusita. Lakini tazama asichokisema: hasemi kwamba aliuteka Yerusalemu. Husema tu kwamba kharaji ililetwa, talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Kitabu cha Wafalme nacho chataja dhahabu talanta 30 zile zile, na fedha 300.

Na mfalme asiyepata alichokitaka hupamba alichokipata. Katikati ya karne ya 19 Mwingereza Austen Henry Layard aliufukua mle mle Ninawi ukumbi wa jumba la Senakeribu, ambao kuta zake zilinakshiwa pande zote, si Yerusalemu, bali Lakishi, mji wa pili wa Yuda. Pale waonekana askari wakipanda tuta la kuuendea ukuta na magogo ya kubomolea, wenye kombeo, mateka wakitoka na watoto na magari ya ng'ombe, na Senakeribu kitini akiwatazama. Uso wake umeharibiwa kwa makusudi na mtu wa zamani ambaye bila shaka alikuwa na yake ya kumlipiza.

Lakishi yenyewe ilichimbwa tangu 1932 na James Starkey, aliyeuawa njiani kuelekea Yerusalemu mwaka wa 1938. Yeye alidhani kuwa tabaka lililoungua, aliloliita la tatu, liliteketezwa na Wababeli. Mwenzake Olga Tufnell, aliyebaki kuikamilisha kazi, akaona kwamba sivyo, bali ni moto wa Senakeribu mwenyewe, na machimbo ya David Ussishkin tangu miaka ya 1970 yakamthibitisha. Tuta la mawe lingaliko pembeni mwa kilima, pamoja na vyembe vya mishale na mawe ya kombeo. Nalitaja kosa la Starkey kwa sababu wako wapendao kusema kwamba jiwe halisemi uongo. Jiwe halisemi neno. Wasemao ni sisi.

Na vitabu vitakatifu navyo vina mambo viliyoyaruka. Kitabu cha Wafalme hakioni haya kusema kwamba Hezekia aliibandua dhahabu ya milango ya hekalu ili amridhishe Mwashuru. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati, ambaye alimpenda Hezekia kupita kiasi, aliipita fedheha hiyo kimya, na Isaya naye haitaji. Kisha hufuata habari ya malaika aliyewapiga Waashuru 185,000 usiku mmoja, jambo ambalo sururu ya mchimbaji haina uwezo wa kulithibitisha wala kulikanusha, nami nadhani ni kheri wachimbaji waliache.

Maandishi ya Siloamu yalibanduliwa mwambani kwa siri mnamo 1890, yakavunjika vipande. Serikali ya Kituruki, iliyokuwa ikiitawala Palestina, ikavikamata na kuvipeleka Istanbul, viliko hata sasa. Aliyeuandaa uso ule wa mwamba aliulainisha mahali pakubwa kuliko ilivyohitajiwa na mistari sita. Maneno yamekaa nusu ya chini. Nusu ya juu imesuguliwa vizuri ikawa tayari, na haikuandikwa kitu.