Jinsi ya kusimika na kusimamia mfumo wa simu za intaneti

MKAZI wa soko la Kabati, Kitui Magharibi, kwenye barabara ya Machakos kuelekea Kitui, halazimiki kuhamia Nairobi ili ajifunze kusimika mfumo wa simu za intaneti. Tarakilishi kuukuu, ruta na simu mbili za kisasa zamtosha kuanzia.

Programu mojawapo inayotumika sana ni Asterisk, iliyoanzishwa 1999 na Mmarekani Mark Spencer baada ya kuona mtambo wa simu ni ghali mno kwa kampuni yake changa. Ni programu huria: yeyote aweza kuipata bila malipo, kuichunguza na kuirekebisha.

Nchini Kenya, mlango ulifunguka zaidi ukiritimba wa Telkom Kenya ulipokoma 2004, na nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa 2009. Awali intaneti ya nchi ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi, na sauti ilichelewa takriban robo sekunde kila upande.

Mwanafunzi huweka kwanza Linux, kisha Asterisk. Katika faili ya pjsip.conf husajili nambari za ndani, tuseme 101 na 102, kila moja na nywila yake. Katika extensions.conf hueleza simu ipelekwe wapi nambari fulani ikipigwa. Ajihadhari na maelekezo ya kale yanayotaja sip.conf, kwani njia hiyo iliondolewa katika toleo la 21 mwaka wa 2023.

Tatizo linalowasumbua wengi ni simu kuita vyema, lakini mmoja asimsikie mwenzake. Sababu ni kwamba itifaki ya SIP huanzisha na kukata simu tu. Sauti yenyewe husafirishwa na RTP kupitia milango mingine. Ruta inayoficha anwani za ndani yaweza kuipoteza sauti hiyo njiani, hivyo seva sharti ielezwe anwani yake ya nje.

Kusimamia ni kazi kubwa kuliko kusimika. Wahalifu hutafuta seva zenye nywila hafifu, wakapiga simu za ng'ambo usiku wa manane, na deni likamwangukia mwenye mtambo. Msimamizi mwangalifu huweka nywila ndefu, hufunga simu za kimataifa zisizohitajika, husoma kumbukumbu za seva kila siku na huhifadhi nakala ya mipangilio. Umeme ukipotea bila betri ya akiba, mfumo wote hunyamaza.

Shule au zahanati yenye mtambo huu huunganisha vyumba vyake bila kulipia simu za ndani, hata intaneti ikikatika. Simu za nje bado hulipiwa, na anayetaka kuuzia umma huduma hiyo sharti apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.