Ukuu wa Mungu na Imani ya Kila Siku

Wengi wetu hapa Ikuti humkumbuka Mungu tupatapo shida: mtoto anapougua, au mvua inapozidi na kuharibu mazao. Si vibaya kumwomba kwa mambo hayo. Lakini imani inayotazama haja peke yake husinyaa, kwa kuwa humpima Mungu kwa kipimo cha haja ile. Na jibu likichelewa, mtu huanza kwenda kwa siri kutafuta nguvu nyingine. Basi yafaa tuiangalie historia ya nchi yetu ya Rungwe, tuone jinsi watu walivyojifunza kwamba Mungu ni mkuu kuliko walivyodhani.

Zamani wazee wa Wanyakyusa walilijua jina la Kyala. Lakini Kyala huyo alihesabiwa pamoja na mashujaa wa kale, ambao kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kutolewa sadaka: Lwembe katika kijisitu cha Lubaga, naye Kyala pangoni, karibu na Ziwa Nyasa. Mwaka 1891 walifika wamisionari wa Kimoravian wakiongozwa na Theodor Meyer, na mwaka huo huo wakafika wale wa misioni ya Berlin. Hao walilitwaa jina la Kyala liwe jina lake Yeye aliyeumba mbingu na nchi. Jina halikubadilika, bali maana yake ilipanuka. Aliyedhaniwa kukaa pangoni akahubiriwa kuwa hakuna nyumba wala pango limtoshalo, kama Sulemani alivyokiri alipoliweka wakfu hekalu la Yerusalemu.

Habari hiyo haikuingia mioyoni upesi. Katika Wamoravian wanne wa kwanza, Georg Martin alifariki mwaka ule ule wa 1891. Wenzake walijenga, wakajifunza lugha, wakangoja. Mwaka 1897 ndipo alipobatizwa mtu wa kwanza huko Rungwe, naye alikuwa mwanamke, Fiabarema. Jina lake jipya likawa Numwagile, maana yake, nimempata. Hakusema kwamba amepata kitu fulani kwa Mungu. Alisema amempata Mungu mwenyewe.

Kisha likaja jaribu kubwa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland na kuutwaa mji wa Tukuyu, ulioitwa wakati ule Neu Langenburg. Wamisionari Wajerumani walichukuliwa kuwa wafungwa. Kama Mungu angalikuwa wa wamisionari, angalikwenda pamoja nao. Lakini walimu na wazee wa makanisa walibaki, wakaendelea kufundisha na kusali. Waskoti wa Livingstonia wakaja kuwasaidia, mpaka Wamoravian waliporudi katika miaka ya 1920. Kanisa halikufa. Ndipo ilipodhihirika kwamba Mungu, kama asivyofungwa na pango, vivyo hivyo hafungwi na mtu aliyeleta habari zake.

Tena iko habari ya siku za karibu. Mlima Rungwe, wenye urefu wa meta 2,960 hivi, twauona kila siku hata tumeuzoea. Lakini mwaka 2003 wataalamu, baada ya kusikia habari kwa wawindaji, walimwona katika misitu yake kima ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika, aitwaye kipunji. Mwaka 2006 akawekwa katika jamii ya peke yake, na tangu mwaka 1923 haikuwa imepatikana jamii mpya ya kima hai katika Afrika. Zaidi ya miaka mia misioni ilikuwa chini ya mlima huo, na huko juu Muumba alikuwa akimlisha kiumbe ambaye wasomi hawakumjua. Ikiwa mlima mmoja tu hatujamaliza kuujua, tutawezaje kudhani kwamba tumemaliza kumjua aliyeuumba?

Kwa hiyo, ndugu, kila siku kabla ya kutaja haja zako, kwanza tafakari ukuu wake Mungu. Shida haitaondoka kwa sababu hiyo, nawe utaendelea kulima na kumpeleka mgonjwa hospitali. Lakini hutaiona shida kuwa kubwa kuliko Mungu, wala hutatafuta kwa siri pango jingine. Huyo aliyelitunza kanisa mwaka 1916, na kipunji pasipo sisi kujua, hashindwi kuitunza nyumba moja.