Sataranji kwa Jicho la Moyo

Mwezi wa Oktoba mwaka 1943, katika mji wa Rosario nchini Argentina, mtu mmoja aliketi mahali asipoweza kuona hata kete moja, akacheza sataranji na wapinzani 40 kwa pamoja. Kila mpinzani alikuwa na ubao mbele yake. Yeye hakuwa na kitu. Aliambiwa kwa mdomo kwamba katika ubao fulani farasi amehamia mraba fulani, naye akajibu kwa mdomo, kisha akageukia ubao unaofuata. Mbao 40 zina miraba 2,560, na mchezo unapoanza hubeba kete 1,280. Kazi hiyo ilipokwisha, Miguel Najdorf alikuwa ameshinda michezo 36, ametoka sare mmoja na kufungwa mitatu.

Aliona nini mtu huyu? Wengi watajibu upesi kwamba alikuwa na picha 40 kichwani, akizifunua moja baada ya moja kama mtu afunuaye kurasa. Ni jibu jepesi, na kwa muda mrefu hata wataalamu waliliamini.

Ufundi wenyewe ni wa kale. Imepokewa juu ya Said bin Jubair, mwanachuoni wa Kufa miongoni mwa tabiina, aliyeuawa kwa amri ya Hajjaj mwaka 714, kwamba alikuwa akicheza sataranji hali ameupa ubao mgongo. Mchezo ulikuwa umewafikia Waarabu kutoka Uajemi pamoja na majina yake. Na neno shaha, ambalo washairi wa pwani humvika malenga wao mkuu, ni lile lile la Kiajemi limtajalo mfalme wa ubao huo. Ulaya nayo ilimpata Philidor, Mfaransa mtunzi wa opera, ambaye mwaka 1783 aliwastaajabisha watu wa London kwa kucheza michezo mitatu pamoja bila kutazama. Mwaka mmoja kabla ya hapo mwanafalsafa Diderot alikuwa amemwandikia barua kumsihi aache, asije akaipoteza akili yake kwa jambo la fahari tu. Hofu hiyo haikufa upesi. Mwaka 1930 Umoja wa Kisovieti ulipiga marufuku maonyesho ya namna hii kwa kuhofia afya za wachezaji. Yaelekea waliohofu hivyo waliifikiria akili kama ghala, ambalo likishindiliwa picha nyingi mno litapasuka.

Dhana ya picha ilipata mtetezi mashuhuri mwaka 1870, pale Mfaransa Hippolyte Taine alipoandika katika kitabu chake juu ya akili kwamba mchezaji asiyetazama huuona ubao mzima ndani yake, kana kwamba uko katika kioo. Mwananchi mwenzake, Alfred Binet, yule ambaye baadaye, mwaka 1905, alishiriki kutunga kipimo cha akili za watoto, alitaka kulithibitisha jambo hilo. Aliwapelekea mabingwa wa sataranji maswali, akazungumza na baadhi yao, na mwaka 1894 akatoa kitabu juu yao na juu ya watu wenye kipaji cha hesabu za kichwani. Alikwenda kutafuta kioo cha Taine. Hakukipata.

Majibu aliyopokea yalimshangaza. Mabingwa walimwambia kwamba hawaoni rangi ya kete wala nakshi yake. Farasi hawamwoni kichwa wala shingo. Wanajua tu kwamba yupo, na wanajua anatishia nini na anazuiwa na nani. Mmoja wao, Sittenfeld, alipoombwa achore kile akionacho, alichora mistari: njia ambazo kete zaweza kupita, na mahali zinapokutana. Si wote waliosema hivyo, na Binet hakuwaficha waliodai kuona zaidi. Lakini alikuwa mkweli wa kutosha kuiacha dhana aliyokwenda nayo. Alihitimisha kwamba mchezo huo umesimama juu ya nguzo tatu, yaani elimu ya mchezo, uwezo wa kuwaza, na kumbukumbu. Na kumbukumbu yenyewe ni ya maana kuliko ya sura.

Mafundi wa bao wa Zanzibar, ambao mwaka 1995 Mholanzi Alexander de Voogt aliandika tasnifu ya Leiden juu yao, pengine wasingestaajabu sana. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mkono mmoja wa kusambaza kete waweza kubadili mashimo mengi kwa mpigo mmoja. Picha ya ubao haimfai kitu mwenye kutaka kujua mkono wake utaishia wapi. Sharti ahesabu mwendo wenyewe.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka kwa Adriaan de Groot wa Amsterdam, katika tasnifu yake ya mwaka 1946, na kwa Wamarekani William Chase na Herbert Simon mwaka 1973. Chase na Simon waliwaonyesha watu watatu, yaani bingwa, mchezaji wa wastani na mwanagenzi, ubao wenye kete zilizotoka katika mchezo wa kweli. Waliuonyesha kwa sekunde tano, kisha wakawataka waupange upya. Bingwa alirudisha mahali pake kete zipatazo 16, wa wastani 8, mwanagenzi 4. Halafu kete zile zile zikatawanywa ubaoni ovyo, bila mpango wa mchezo wowote, na bingwa akawa karibu sawa na mwanagenzi. Utafiti wa mwaka 1996 ulionyesha kuwa hata hapo mabingwa wana nafuu kidogo, lakini ni kidogo kwelikweli.

Msomaji wa mashairi ana njia yake ya kulielewa jambo hili. Aliyehifadhi utenzi wa beti mia haoni karatasi akilini mwake. Kina humvuta kina mwenzake, mizani humwambia neno gani laweza kukaa hapo na lipi haliwezi, na kisa humsogeza mbele. Mpe maneno yale yale yaliyochanganywa bila mpango, uone kama atayashika hata ya beti mbili.

Hata hivyo, Howard Gardner alipoandika mwaka 1983 juu ya akili za namna nyingi, aliiweka sataranji katika sura ya akili ya maumbo na nafasi, na hakukosa sababu. Watoto 33 wa Ubelgiji, wachezaji hodari, walipopimwa katika utafiti uliotoka mwaka 1992, walipata alama za juu zaidi katika maumbo kuliko katika maneno. Lakini mwaka 2002, wachezaji 36 wa Uingereza walipopewa mtihani wa kukumbuka maumbo yasiyohusiana na mchezo, hodari hawakuwashinda dhaifu. Huenda kipaji cha macho humfungulia mtoto mlango. Baada ya hapo ni miaka ya kucheza.

De Groot mwenyewe alikuwa mchezaji wa timu ya Uholanzi, na mwaka 1939 alikuwa Buenos Aires kwenye Olimpiadi ya sataranji. Najdorf alikuwapo pia, akiichezea Poland. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa karibu na Warsaw. Tarehe 1 Septemba, michezo ikiendelea, Ujerumani iliivamia Poland. Najdorf hakurudi. Mkewe na mtoto wao walikuwa wamebaki huko, pamoja na wazazi wake na ndugu zake wanne. Baadaye alieleza kwamba alitaka kuvunja rekodi ya dunia ili habari zienee magazetini na redioni, zivuke bahari, na pengine mmoja wa jamaa zake asikie jina lake na kujua kwamba yu hai.

Katika wale aliowakusudia, hakuna aliyejibu. Wote waliangamia. Mwaka 1944 akawa raia wa Argentina. Januari 1947, huko São Paulo nchini Brazili, aliketi tena bila ubao, safari hii kwa wapinzani 45, akacheza kwa zaidi ya saa 23. Alishinda michezo 39, akatoka sare minne, akafungwa miwili.