Mary Ainsworth na watoto wachanga wa Buganda

Miaka ya hamsini, ukitaja Mkanada mbele ya watu wa Shinyanga, walijua unamsema Dakta John Williamson, mwenye mgodi wa almasi wa Mwadui alioupata mwaka 1940. Mwaka 1954 ng'ambo ya Ziwa Victoria, Kampala, aliingia mgeni mwingine aliyekulia Kanada: Mary Ainsworth, mwanasaikolojia wa miaka 40. Alikuja na daftari, akitaka kujua mtoto mchanga anaanzaje kumpenda mama yake. Kazi aliyoifanya kule inatuhusu sana sisi wa ukanda huu wa dhahabu wa Geita, na nasikitika kwamba jina lake halitajwi kwetu.

Alizaliwa Marekani mwaka 1913, akasomea Toronto hadi udaktari wa falsafa mwaka 1939. Mwalimu wake William Blatz alishikilia kwamba mtoto mwenye uhakika na wazazi wake ndiye anayethubutu kutoka na kuichunguza dunia. Wakati wa vita Ainsworth aliingia jeshini, akafikia cheo cha meja. Mwaka 1950 aliolewa, wakahamia London, na huko akajibu tangazo la kazi gazetini. Tangazo hilo likamfikisha kwa John Bowlby, daktari aliyekuwa akichunguza kinachompata mtoto anapotenganishwa na mama yake. Kisha mumewe akapata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere, naye akamfuata.

Hali ya Buganda ilikuwa tete. Novemba 1953 Waingereza walimpeleka mfalme wake, Kabaka Mutesa II, uhamishoni, na mzungu aliyeingia kijijini kuuliza habari za kunyonyesha alitazamwa kwa mashaka. Ainsworth alifuata njia ya ustaarabu. Alikwenda alasiri, wakati ambao kwa kawaida wanawake wa Kiganda hupokea wageni, akakaa sebuleni pamoja na mkalimani wake, Katie Kibuka, kwa muda wa saa mbili. Baada ya wiki mbili alirudi tena, na familia nyingine aliziendea hivyo kwa miezi tisa. Akina mama waliokubali walikuwa 26, na watoto wao 28. Alikuwa akiwapeleka kliniki kwa gari lake.

Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuachishwa ziwa. Alikuwa amesikia kwamba desturi ya Waganda ni kumpeleka mtoto kwa bibi yake ili asahau kunyonya, akaona hapo pana utengano wa kuchunguza. Alipofika alikuta desturi hiyo imefifia. Mwingine angefunga mizigo. Yeye aligeukia kilichokuwa mbele ya macho yake: mtoto anayetambaa mbali na mama, akageuka kumwangalia, akaendelea, mtoto anayelia mama akinyanyuka kutoka chumbani, na anayemnyooshea mikono akirudi.

Kati ya watoto 28, aliwaona 16 wametulia na kumtegemea mama bila wasiwasi. Saba walikuwa walizi, hawatulii hata wakiwa wamepakatwa. Watano hawakuonyesha bado kumchagua mama kuliko watu wengine. Nini kiliwatofautisha? Idadi ya walezi haikuwa sababu. Muda mama aliokuwa naye ulikuwa na uzito, lakini pia mama aliyeweza kumsimulia mtoto wake kwa undani, analia vipi akiwa na njaa, anacheka kwa lipi, mtoto wake alikuwa miongoni mwa wale waliotulia. Mama wa namna hiyo alikuwa anamsoma mtoto na kumjibu.

Nimemwona mama huyo kwenye mialo ya Geita, mahali pa kuchenjulia dhahabu. Amejitwika mchanga toka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, mtoto yuko mgongoni ndani ya mbeleko. Mtoto anaguna kidogo, mama anamjibu kwa sauti kabla kilio hakijaanza, anamzungusha kifuani na kumnyonyesha huku mkono mmoja ukishika beseni. Hatua kumi tu kutoka hapo, mtoto mwingine amelazwa kwenye boksi chini ya turubai, vumbi la mawe limemjaa kope, na aliyeachiwa kumtunza ni dada yake wa miaka saba. Mama yao yupo, lakini akiacha kuponda mawe hawali jioni.

Mwaka 1961 Ainsworth aliwasomea wataalamu London matokeo ya awali ya Uganda. Hawakumpokea kwa shangwe. Walimbana aeleze mfungamano wa mtoto na mama unatambulikaje. Mwaka 1963 akaanza upya Baltimore, Marekani, kwa familia 26, akizitembelea kwa muda wa saa nne kila mara mpaka mtoto apite mwaka mmoja. Watoto wa kule walizoea mama kutoka na kuingia, hawakulia kama wa Buganda. Ndipo akabuni jaribio la dakika 20 katika chumba kigeni, mama akitoka na kurudi mara mbili, ambalo leo linafundishwa vyuo vikuu vingi. Kitabu chake cha Uganda kilitoka mwaka 1967. Alifariki mwaka 1999.

Wapo wanaouliza kama jaribio la Baltimore linafaa kupima mtoto anayelelewa na mama, bibi na shangazi kwa pamoja, asiyewahi kuachwa peke yake chumbani. Swali lao ni la haki. Ninachokithamini zaidi mimi ni zile alasiri za sebuleni, ambako mtoto alitazamwa kwao, kati ya watu wake.

Tanzania ilizindua mwaka 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na malezi yenye mwitikio ni moja ya nguzo zake tano. Nguzo hiyo ina damu ya akina mama wale 26. Kwetu itaanza kuonekana siku wamiliki wa mialo na halmashauri watakapojenga kituo cha kulelea watoto mchana umbali ambao mama anaweza kukimbilia kunyonyesha na kurudi, mbali na vumbi na zebaki, chenye walezi watu wazima wanaolipwa. Dhahabu inayotoka Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa inatosha kulipia hilo.