Mukaba wa feza na kitambaa cha bibi-arusi: zawadi za mikono ya Waarmenia

Kila mtu aliyesoma kitabu cha Mwanzo sura ya 8 anajua milima ya Ararati, kule safina ya Nuhu ilitua. Lakini wachache kati yetu wanajua taifa linaloutazama mlima huo kila asubuhi kutoka mji wa Yerevan, hata kama leo mlima uko ndani ya Uturuki. Ni Waarmenia. Tutasema hapa juu ya mapambo, vitambaa na zawadi zao za mkono. Swali letu ni moja: watu wakipoteza udongo wao, kitu kidogo cha mkono kinaweza kuwabebea nini?

1. Zawadi ya arusi

Katika vijiji vya zamani, mwanamke alipata sehemu kubwa ya mapambo yake siku ya kuolewa. Kubwa kati ya yote ilikuwa mukaba wa feza. Ule mukaba ulionyesha kwamba sasa yeye ni mke wa mtu. Pamoja nao kulikuwa bangili, mikufu, na sarafu zilizoshonwa juu ya kitambaa cha kichwa. Ushanga wa buluu nao ulivaliwa kwa kukinga jicho baya.

Tusifikiri ilikuwa urembo tu. Kijijini hakukuwa benki. Feza iliyo mwilini mwa mama ilikuwa akiba ya nyumba: shida ikija, kipande kimoja kinauzwa ao kinayeyushwa.

Wafua-feza wa mji wa Van walijulikana sana kwa kazi ya feza nyeusi. Fundi anachora mistari ndani ya feza, anaijaza unga mweusi wa feza, shaba, risasi na salfa, kisha anatia moto mpaka unga uyeyuke. Ikipoa, anasugua. Feza inang'aa, na mchoro unabaki mweusi. Ni kazi ya subira: moto ukizidi, kila kitu kinaharibika.

Lakini mwalimu wa historia hapashwi kusifu bila kupima. Katika sehemu nyingi, kitambaa cha bibi-arusi kilifunika hata kinywa chake, na hakuruhusiwa kusema mbele ya wakwe zake. Kwa wengine kimya hicho kiliendelea miaka. Desturi hiyo imekwisha. Basi zawadi nzuri iliweza pia kuwa alama ya kufunga mtu, na hilo tuliandike vilevile.

2. Rangi na sindano

Kwenye bonde la Ararati kuna mdudu mdogo anayeishi kwenye mizizi ya majani, katika udongo wa chumvi. Waarmenia wanamwita vordan karmir, maana yake nyekundu ya mdudu. Kwake walipata rangi nyekundu ya nguo na ya picha za vitabu vitakatifu. Rangi hiyo ilisifiwa sana, hata Waarabu wa zamani waliuita mji wa Artashat kijiji cha kirmizi, ni kusema kijiji cha rangi nyekundu.

Wanawake nao walikuwa na sindano. Miji ya Marash na Aintab ilikuwa na namna zake za kutarizi, na mtu anayejua kazi aliweza kutazama kitambaa na kusema kimetoka wapi. Kuna pia lesi ambayo haihitaji mashini: ni sindano, uzi, na vifundo vidogo vidogo.

3. Mwaka wa 1915

Mwaka huo serikali ya dola ya Waotomani ilianza kuwaondoa Waarmenia katika makao yao na kuwasukuma kuelekea jangwa la Siria. Kadiri ya mahesabu, waliokufa ni kati ya 600,000 na 1,500,000. Wamama walishona mapambo ndani ya nguo. Wengi walinyang'anywa njiani, wengine waliyatoa kusudi watoto wapate mkate. Hivi akiba ya arusi ilimalizika.

Ufundi wa mikono haukunyang'anywa. Kule Aleppo na Beirut, wajane na yatima walitarizi kwa kupata chakula. Huko Ghazir, Lebanoni, wasichana yatima walifuma zulia kubwa la vifundo zaidi ya milioni 4. Mwaka wa 1925 lilitolewa zawadi kwa Calvin Coolidge, rais wa Marekani, kwa kushukuru msaada wa Wamarekani kwa yatima. Mwaka wa 2014 lilionyeshwa tena Washington, na watu walisoma ndani yake historia nzima.

4. Siku zetu

Leo Waarmenia wanaoishi inje ni wengi kuliko waliomo ndani ya inchi. Anayetembelea Yerevan anapita soko la Vernissage: komamanga la feza, msalaba, fulari yenye herufi za Mesrop Mashtots, aliyetunga alfabeti yao mnamo mwaka wa 405. Mwaka wa 2019 UNESCO iliandika sanaa ya herufi hizo katika orodha yake. Mtu anayenunua kado hiyo kwa mtoto aliyezaliwa ugenini anampa lugha pia.

Septemba 2023, Waarmenia zaidi ya 100,000 walikimbia Karabakh kwa siku chache, kila mmoja na kile kilichoingia ndani ya gari. Sisi ambao tumeona watu wetu barabarani na kifurushi kichwani, hatuhitaji kufafanuliwa.

Kwa kufunga, ninaomba walimu wenzangu jambo moja. Tuwatume wanafunzi kwa koko zao, waulize: siku ya arusi ulipewa nini? Nani alikitengeneza, na namna gani? Kiko wapi leo? Waandike majibu ndani ya daftari, na jina la kila kitu kwa lugha ya nyumbani.